Jibu Humwendea Nani?

Msomaji, kila barua ina safari mbili: ya kwenda na ya kurudi. Ya kwanza huongozwa na mwandishi. Ya pili huongozwa na maneno machache ambayo wengi wetu hatuyatazami.

Chukua mfano wa Runyenjes, mji ulio katika njia itokayo Embu kwenda Meru. Nchini Kenya barua hazikuwa zikipelekwa milangoni, bali ziliwekwa katika masanduku ya posta. Asiyekuwa na sanduku aliazima la shule, la kanisa au la duka, akaandika juu ya barua yake kwamba ajibiwe kwa mkono wa fulani. Basi mwandishi alikuwa mmoja, na mahali pa kujibiwa pengine.

Mwaka wa 1971 Ray Tomlinson, fundi wa Marekani, alipeleka barua pepe ya kwanza kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa njia ya mtandao. Mwaka wa 1977 mafundi wa mtandao huo waliandika kanuni za barua hizo. Nao waliona jambo lile lile lililojulikana Runyenjes. Kwa hiyo wakatenga mstari wa mwandishi, mstari wa karani ampelekeaye, na mstari wa mahali pa kujibiwa. Kanuni hizo zilitengenezwa upya mwaka wa 1982, 2001 na 2008, lakini mistari hiyo ingalipo.

Basi ukibonyeza “Jibu”, programu hutafuta kwanza mstari wa mahali pa kujibiwa. Ukiwapo, jibu huenda huko. Usipokuwapo, humrudia mwandishi. Ukibonyeza “Jibu wote”, huongezwa wote walioandikiwa na wote waliopewa nakala. Waliopewa nakala kwa siri hawamo, kwa kuwa majina yao hayaonekani katika barua uliyoipata.

Mwezi wa Novemba 2016, huko Uingereza, ujumbe mmoja wa majaribio uliwafikia watumishi wa afya wapatao 840,000. Wengi walijibu wote, wakiomba waondolewe, na kila ombi likawaendea wote. Barua za kazi zikachelewa.

Lakini hasara kubwa zaidi yaweza kuwa ndogo kwa hesabu. Fikiri mwanafunzi anayemweleza mwalimu kwamba karo haijapatikana kwa sababu baba ni mgonjwa. Akikosea kitufe, darasa zima litasoma habari za nyumba yao. Tena tapeli aweza kuandika jina la mwalimu mkuu katika mstari wa mwandishi, na anwani yake mwenyewe katika mstari wa kujibiwa.

Mashine hufuata kanuni. Haijui lipi ni siri. Kwa hiyo, msomaji, kabla hujapeleka jibu, soma majina yaliyo juu yake, moja moja. Maji yakimwagika hayazoleki.