UTAFITI WA AFYA NA NGUVU ZA UZALISHAJI: FUNZO LA NEWALA

Wapo wanaohesabu gharama za utafiti wa afya kuwa ni mzigo kwa taifa. Historia ya Mtwara inawapinga.

Mwaka 1952 homa ngeni ilizuka katika nyanda za juu za Wamakonde, kaskazini ya mto Ruvuma. Wenyeji waliiita chikungunya, yaani kinachomkunja mtu, kwa maumivu makali ya viungo. Katika uchumi wa jembe la mkono, viungo vya mkulima ndiyo mtambo wake; vikikunjwa, shamba hulala.

Damu ya wagonjwa ilichunguzwa Entebbe, Uganda, na virusi vikapatikana. Watafiti waliwakuta mbu wa Aedes aegypti majumbani, wakizaliana katika vyombo vya kuhifadhia maji. Kwa kuwa huko maji yalikuwa haba, tunasema chimbuko la maradhi lilikuwa pia la kiuchumi: bomba lingekuwa dawa.

Chanjo ya kwanza iliidhinishwa Marekani mwaka 2023, kazi ya kampuni ya Ulaya. Jina limetoka Newala. Bidhaa inauzwa na wengine.

Ndiyo maana ya kuunda Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu mwaka 1979. Taifa lisilojitafitia hununua hata maarifa yaliyotokana na damu yake.