Ifahamu 'Duma', albamu ya metali ya Nairobi isiyo na mpiga dramu

Agosti 2020, wakati kumbi nyingi za burudani duniani zimefungwa kwa sababu ya Uviko-19, vijana wawili wa Nairobi walitoa albamu ya nyimbo 9 iliyowafanya hata mashabiki wa siku nyingi wa metali wajiulize: huu ni mziki gani?

Albamu inaitwa 'Duma', jina lilelile la bendi. Msomaji wa Kiswahili atamfikiria mnyama mwenye mbio kuliko wote, na kwa kasi ya nyimbo hizi hajakosea sana. Lakini wenyewe walilitoa jina hilo kwenye Kikuyu, likimaanisha giza.

Duma ni akina nani?

Ni Martin Khanja, anayejulikana kama Lord Spikeheart, na Sam Karugu. Khanja ndiye sauti. Karugu ndiye gitaa na mtayarishaji. Kabla ya hapo walitokea kwenye bendi za metali za Nairobi, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura.

Albamu ilirekodiwa mwaka 2019 jijini Kampala, kwenye studio ya Nyege Nyege, na kutolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya hukohuko Uganda.

Msikilizaji wa Tanzania anaweza kuwa anaijua lebo hiyo bila kujua. Ndiyo iliyotoa 'Sounds of Sisso' mwaka 2017, mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso, Dar es Salaam, uliosaidia kuufikisha mziki huo Ulaya.

Je, ni dethi metali?

Ndiyo na hapana.

Dethi metali ni tawi la metali lenye gitaa zito, dramu za kasi na sauti ya kunguruma. Toleo lake la kiufundi, lenye mapigo yanayobadilika ghafla na gitaa gumu kulipiga, lilipata moja ya misingi yake kwenye albamu 'Human' ya mwaka 1991, ya bendi ya Death kutoka Florida, Marekani. Kuna pia graindikoo, fupi na ya kasi zaidi, iliyosukumwa na Napalm Death ya Uingereza kwa albamu 'Scum' ya mwaka 1987.

Duma wamechukua sauti na kasi kutoka huko. Kisha wakafanya jambo ambalo wapenzi wa metali huwa hawalikubali kirahisi: hawakuweka mpiga dramu. Mapigo yote yametengenezwa kwa kompyuta.

Ubora wake uko wapi?

Jambo la kwanza ni mapigo. Kwenye metali, mpiga dramu husifiwa kwa kumudu mfululizo wa kasi, dramu ndogo na ya miguu zikipokezana bila kupumzika. Mwili una kikomo, kompyuta haina. Karugu ameitumia nafasi hiyo: mapigo yanaongezeka hadi sikio haliwezi tena kuyahesabu, yanageuka mngurumo mmoja, halafu yanafunguka na kuwa ngoma tena.

Hapo mtu aliyezoea singeli ana faida kuliko shabiki wa rock wa London. Singeli mara nyingi huvuka mapigo 200 kwa dakika, kwa hiyo sikio lake limeshajua kutafuta mdundo ndani ya kasi. Vilevile aliyekulia Rungwe na kusikia ing'oma ya Wanyakyusa hashangai ngoma ikiubeba wimbo mzima. Wa Matwebe au Tukuyu akivaa spika za masikioni, aanze na 'Lionsblood'.

Jambo la pili ni sauti. Wengi husikia kelele tu, lakini kunguruma ni ufundi. Mwimbaji hutumia mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, akisukuma pumzi kutoka tumboni. Anayekaza koo huumia haraka. Khanja anashuka chini kabisa, anapanda hadi kwenye ukelele mkali, kisha ananong'ona. Maneno hayasikiki vizuri, hilo ni kweli. Sauti yake inafanya kazi kama chombo kimojawapo.

Na udhaifu?

Upo. Anayetafuta gitaa la kuonyesha vidole, kama lilivyo kwenye dethi metali ya kiufundi, atakatishwa tamaa. Gitaa la Karugu limezama chini ya mapigo na mikwaruzo ya kompyuta, na mara nyingi huwezi kusema linapoishia. Nguvu pia ni ileile karibu muda wote. Ukisikiliza nyimbo zote 9 bila kupumzika, unaweza kuchoka kabla ya mwisho.

Hofu ya 'ushetani'

Wimbo mmoja unaitwa 'Pembe 666', na kila aliyesoma Kitabu cha Ufunuo anaijua namba hiyo. Afrika Mashariki, jambo hilo sio la mzaha. Mwaka 1994 Rais Daniel arap Moi aliunda tume rasmi ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya. Na Septemba 2018, waziri wa maadili wa Uganda wakati huo, Simon Lokodo, alitangaza kulizuia tamasha la Nyege Nyege kwa madai ya kukiuka maadili, kabla ya kuruhusiwa kwa masharti.

Kwa hiyo kijana anayepiga mziki huu hapa kwetu anajibu maswali ambayo mwenzake wa Florida aliacha kuulizwa zamani. Ndugu na majirani wanaweza kumhukumu kwa jina la wimbo kabla hawajasikia hata dakika moja. Picha za giza na pembe ni desturi ya metali kila mahali, kama vile majigambo yalivyo desturi ya hip hop. Msikilizaji ana haki ya kuzikataa, ila hazitoshi kupima mziki wenyewe.

Baada ya hapo

Khanja aliendelea peke yake, na mwaka 2024 akatoa 'The Adept' kupitia lebo yake, Haekalu Records. 'Duma' ndiyo albamu kamili ambayo wawili hao waliitoa kwa jina la bendi yao.

Ukiijaribu, usianze na spika ya simu. Itazimeza sauti nzito za chini, utabaki na mikwaruzo, na utaamua mapema kwamba ni kelele.