Wapuritani na Biblia ya Wenyeji

Tangu mwaka 1630 Wapuritani wengi wa Uingereza walivuka bahari, wakajenga Boston na vijiji vingine katika Amerika ya Kaskazini. Walikuwa Waprotestanti wenye kufuata mafundisho ya Calvin: walisadiki kwamba Mungu amekwisha kuwachagua tangu milele wale watakaookoka. Hata Noeli hawakuiadhimisha. Mahubiri na Maandiko ndiyo yalikuwa chakula chao. Kwa hiyo walitaka kila mtu ajue kusoma.

John Eliot, mchungaji wa Roxbury, alijifunza lugha ya wenyeji, akaanza kuwahubiri katika lugha hiyo mwaka 1646. Mwaka 1663 Biblia nzima ilipigwa chapa kwa lugha ya Wamassachusett. Ndiyo Biblia ya kwanza iliyochapwa katika Amerika. Je, Eliot alifanya kazi peke yake? Sivyo. Wenyeji walimfundisha lugha, na James Printer, mtu wa kabila la Wanipmuc, alisaidia kuichapa.

Lakini mwaka 1675 vita vilitokea kati ya Waingereza na Metacom, mkubwa wa Wawampanoag. Hapo wenyeji waliobatizwa walishukiwa nao. Mamia walipelekwa katika kisiwa cha Deer Island, karibu na Boston; wengi wakafa kwa njaa na baridi. Eliot aliwatetea, lakini wachache tu walimsikiliza.

Ndugu makatekista, kumpa mtu Neno la Mungu katika lugha yake ni kazi kubwa. Kumhesabu kuwa ndugu siku ya hofu ni kubwa zaidi.