Unga Ulioitwa Nyama

Fungua Biblia ya Kiingereza iliyochapwa London mwaka 1611, kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya pili. Utakuta sadaka inayoitwa "meat offering". Msomaji wa leo akilini anaona mbuzi na kisu. Akiendelea kusoma anashangaa: kuna unga, mafuta na ubani, mnofu haupo hata kidogo. Akichukua Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, fumbo linafumbuka papo hapo. Pale imeandikwa "sadaka ya unga".

Watafsiri wa 1611 hawakukosea. Siku zao "meat" ilikuwa chakula, chakula chochote kile, na nyama waliiita "flesh". Karne zilivyopita neno likabanwa, likabakiziwa chakula cha aina moja tu. Maana ya kale imejificha ndani ya "sweetmeat", ambayo hata leo ni kitu kama peremende au halua. Neno letu "safari" limepatwa na mkasa huohuo mikononi mwa Waingereza. Kwetu ni safari hata ukienda Tanga kumzika shangazi. Wao walipolichukua wakalifanya la kwenda kuwinda au kutazama wanyama.

Neno geni halina hatari kubwa, kwa kuwa linakusimamisha ukaulize. Hatari iko kwenye neno unalodhani unalijua. Kikulacho ki nguoni mwako: unapita juu yake bila wasiwasi, nawe umeshapotea.

Mfano unaonigusa zaidi uko katika waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, sura ya nne, Paulo anapowafariji waliofiwa. Biblia ya 1611 inasema kwamba watakaokuwa hai siku ya kuja kwa Bwana hawata-"prevent" wale waliolala. Kwa Kiingereza cha leo neno hilo ni kuzuia, na mfiwa anabaki akijiuliza ni nani alitaka kuwazuia marehemu wake. Kiswahili kinasema "hatutawatangulia". Hiyo ndiyo maana yake hasa, kwa kuwa asili ya "prevent" ni maneno mawili ya Kilatini, "mbele" na "kuja". Zamani aliye-"prevent" ni aliyefika kwanza. Lakini anayekutangulia njiani anaweza pia kukuzibia njia, na taratibu kule kuziba kukameza kule kutangulia.

"Let" ni kisa kingine kabisa. Leo ni kuruhusu, lakini katika waraka wa pili kwa Wathesalonike ni kinyume chake, na Kiswahili kinaandika "azuiaye". Sababu si kwamba neno moja liligeuka. Kiingereza cha kale kilikuwa na vitenzi viwili, kimoja cha kuacha na kingine cha kuzuia, vikakaribiana matamshi hadi vikawa sauti moja. Lugha haiwezi kuishi muda mrefu na neno moja linaloamuru mambo mawili yanayopingana, basi cha kuzuia kikafa. Masalia yake unaweza kuyasikia kwenye tenisi, mpira wa kuanzisha unapogusa wavu kabla ya kuangukia panapotakiwa na mwamuzi akasema "let". Pasipoti ya Uingereza nayo bado inaomba mwenye nayo apite bila "let".

Yapo mengi. "Conversation" ilikuwa mwenendo wa mtu, siyo mazungumzo. "Quick" alikuwa aliye hai. "Charity", ambayo leo ni msaada kwa maskini, katika Wakorintho wa Kwanza 13 ni upendo wenyewe. Nje ya Biblia, "silly" alianza akiwa mwenye heri, akawa asiye na hatia, akawa wa kuhurumiwa, na sasa ni mpumbavu. "Nice" alipita njia hiyo kwa kurudi nyuma: alianza mjinga, akaishia kuwa mtu mzuri.

Biblia ile ilitokana na mkutano wa Hampton Court wa mwaka 1604, Mfalme James wa Kwanza alipokubali itafsiriwe upya. Wanazuoni wapatao 47 waliifanya kazi hiyo Westminster, Oxford na Cambridge. Walichota sana kwa William Tyndale, ambaye Agano Jipya lake lilichapwa Worms mwaka 1526 na mwenyewe akauawa mwaka 1536. Kwa hiyo hata siku ilipotoka kiwandani, lugha yake ilikuwa na mvi. Iliendelea kusomwa makanisani kizazi baada ya kizazi, huku lugha ya mitaani ikizidi kwenda zake.

Aliyeliona pengo hilo kwa uchungu ni kasisi mzaliwa wa Dublin, Richard Chenevix Trench. Mwaka 1857, mbele ya chama cha wanaisimu cha London, alieleza upungufu wa kamusi za Kiingereza. Alitaka kamusi iwe kama mwanahistoria, ifuate neno tangu linapoonekana mara ya kwanza hadi linapozikwa, na kila hatua iwe na ushahidi wa maandishi. Mwaka 1859 akatoa kitabu kizima juu ya maneno ya Kiingereza yaliyokuwa na maana tofauti na za leo. Nampenda Trench kwa sababu hakuyacheka maneno ya kale. Aliyaheshimu kama mtu anavyowaheshimu wazee ambao lafudhi yao imebadilika masikioni mwa wajukuu.

Hotuba zake ndizo zilizozaa Kamusi ya Oxford. Wasomaji wa kujitolea walinakili sentensi kwenye vipande vya karatasi na kuvituma kwa posta. James Murray, Mskoti aliyeacha shule akiwa na miaka 14, akavipanga ndani ya kibanda cha mabati. Kijitabu cha kwanza, cha A hadi "Ant", kilitoka mwaka 1884. Kazi nzima ilikamilika mwaka 1928, na Murray alikuwa amefariki tangu 1915.

Kamusi ilipokuwa bado inatayarishwa, Biblia ya 1611 nayo ilikuwa inasahihishwa, na Trench, sasa Askofu Mkuu wa Dublin, alikuwa mmoja wa wajumbe wa kamati ya Agano Jipya. Toleo lao la 1881 liliondoa "prevent" kwa Wathesalonike, likaondoa "let", na "charity" ya Wakorintho ikawa "love". Kamati ya Agano la Kale ilimaliza mwaka 1885. Katika Walawi sura ya pili ikafuta "meat" na kuandika "meal", na baada ya miaka 274 unga ukaitwa unga. Trench alifariki Machi mwaka uliofuata.