Wavu wa Pamba na Gome la Mkandaa

Ukitoka Mwakirunge, kaskazini mwa Kisauni, ukashuka kuelekea hori ya Mtwapa, utakutana na mikoko iliyosimama matopeni. Miongoni mwayo umo mkandaa. Si mti wa kumsimamisha mpita njia. Lakini gome lake lina historia, nayo ndiyo nitakayokusimulia.

Kabla ya nailoni kuenea baada ya vita vya 1939–1945, nyavu nyingi zilifumwa kwa uzi wa pamba. Pamba ni selulosi, na selulosi ni chakula; si chako wala changu, bali cha bakteria na kuvu. Viumbe hivyo havina meno. Hutoa vimeng'enya, navyo huikata selulosi kidogo kidogo mpaka ikawa sukari. Wavu uliowekwa mbichi haukawii kuoza. Ukivutwa hukatika, na samaki huenda zake. Kwa mvuvi hilo halikuwa somo la sayansi, lilikuwa njaa ya watoto.

Basi alifanyaje? Alitwanga magome ya mkandaa, akayachemsha mpaka maji yakawa mekundu, akautia wavu humo, kisha akauanika. Ndani ya gome mna tanini, ile ile igeuzayo ngozi mbichi kuwa ngozi ya viatu. Tanini hushikamana na protini, na vimeng'enya ni protini. Kilichoshikwa hakikati tena. Mabaharia wa Uingereza nao waliyachovya matanga yao katika maji ya gome la mwaloni, kwa sababu iyo hiyo.

Sasa tazama tarehe. Ilikuwa Agosti 1865, huko Glasgow, daktari Joseph Lister alipofunika kidonda cha mtoto wa miaka 11, aliyevunjwa mguu na gurudumu la gari, kwa kitambaa kilicholowa asidi kaboliki. Kidonda kikapona bila kuoza. Lister alikuwa amesoma kazi ya Louis Pasteur, akamjua adui yake. Wavuvi wetu hawakumjua, wala sitaki uwape elimu wasiyokuwa nayo. Waliona kwamba wavu uliotiwa gome hudumu, wakashika hilo.

Dawa yao ilikuwa na kasoro. Bahari huiosha tanini, hivyo wavu ulirudishwa chunguni mara kwa mara. Wenye viwanda wa leo, watiao chembe za fedha katika pamba, wasumbuliwa na jambo lilo hilo: kila kitambaa kifuliwapo, dawa hupungua. Kasoro ya pili ni nzito zaidi. Mti uliobanduliwa gome pande zote hufa. Wavu mmoja haumalizi msitu. Lakini magome yalipokuwa bidhaa ya kupelekwa Ulaya, kama katika delta ya Rufiji wakati wa Wajerumani, hesabu ilikuwa nyingine.

Nailoni, iliyobuniwa Marekani mwaka 1935, haihitaji gome. Haiozi. Wavu wake ukipotea baharini huendelea kunasa samaki miaka na miaka, kwa kuwa hakuna bakteria wa kuumaliza upesi. Na katika jaa la Mwakirunge, ziletwako taka za Mombasa, kipande cha shuka la pamba hugeuka udongo. Kipande cha wavu wa nailoni hukaa kama kilivyotupwa.