Hawakumbadilisha Lamar, Walibadilisha Timu

Wasee, leo naongea mpira wa Marekani, ule wa helmeti. Najua wengine washaanza kuondoka. Ngojeni kidogo. Hii ni stori ya swali ambalo wengi wa rika langu tumewahi kuulizwa, shuleni, kazini, hata nyumbani: wewe ndiye utabadilika ili utoshee hapa, ama sisi ndio tutapanga hapa upya kwa sababu umekuja?

Mara nyingi jibu linajulikana hata kabla uulize. Unabadilika wewe. Lakini kuna timu moja ya mji wa Baltimore, inaitwa Ravens, ambayo kati ya 2018 na 2019 ilijibu kinyume. Kilichotokea kiko kwenye rekodi.

Msingi kwanza, kwa wale hawafuatilii. Mpira wa Marekani ni binamu wa raga. Ni watu 11 kwa 11. Timu yenye mpira inapewa nafasi nne za kusonga yadi 10. Ikifaulu inapewa nne zingine, ikishindwa mpira unaenda upande ule mwingine. Kila nafasi inaanza kwa mpira kurudishwa nyuma kwa jamaa mmoja, kwotabeki. Yeye ndiye anaamua: nirushe mbele, nimpe mkimbiaji aliye kando yangu, ama nikimbie nao mwenyewe?

Kwenye soka ukibadilisha straika, umebadilisha mmaliziaji. Hapa ukibadilisha kwotabeki umegusa kila mtu. Wale wakubwa wa mbele wanazuia tofauti, wapokeaji wanakimbilia mahali tofauti, hata walinzi wa timu pinzani wanasimama tofauti. Ni kama kubadilisha dereva halafu unagundua inabidi ubadilishe gari pia.

Sasa turudi Baltimore. Kwa miaka kumi dereva alikuwa Joe Flacco. Jamaa mrefu, kama futi sita na nusu hivi, mkono wenye nguvu. Kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya wazuiaji wake, kungoja, kisha kuachilia pasi ndefu. Na tusimkosee heshima, alifanya kazi. Kwenye mchujo wa msimu wa 2012 alirusha pasi 11 za tachidauni, ile trai ya huko kwao, bila pasi yake hata moja kuibwa. Akafika fainali, Super Bowl ya Februari 2013 kule New Orleans, ile mechi ambayo stima zilipotea uwanjani dakika 34. (Ndiyo, hata huko stima hupotea.) Ravens wakaishinda San Francisco 34-31, Flacco akawa mchezaji bora wa fainali, kisha akapewa mkataba wa miaka sita wa zaidi ya dola milioni 120.

Shikilieni hiyo jina San Francisco. Tutairudia.

Miaka ikapita, na ule mkono wa Flacco ukaanza kuzaa matunda machache. Kwenye uteuzi wa wachezaji wa vyuo wa 2018, Ravens wakamchukua kijana wa Chuo Kikuu cha Louisville, Lamar Jackson. Huyu alikuwa ameshinda Heisman ya 2016, tuzo kubwa kuliko zote kwa mchezaji wa chuo. Ungefikiria timu zingepigana kumchukua. Wapi! Makwotabeki wanne walichaguliwa kabla yake. Hata Ravens wenyewe walimpita: walikuwa na chaguo la 25, wakachukua mtu mwingine, ndipo wakafanya biashara na timu nyingine kupata namba 32, ya mwisho kabisa kwenye raundi ya kwanza.

Kwa nini? Kwa sababu kulikuwa na mjadala kama huyu ni kwotabeki kweli. Wakubwa wa huo mchezo walisema hadharani kwamba, kwa mbio zake, heri awe mpokeaji. Yaani jamaa ameshinda tuzo kubwa kuliko zote akicheza namba yake, halafu anaambiwa abadilishe namba.

Hapa ndipo historia inaingia, manake hayo maneno si mageni. Mwaka wa 1968 kule Denver, Marlin Briscoe alikuwa kwotabeki wa kwanza mweusi kuanza mechi katika enzi ya kisasa ya mpira huu wa kulipwa. Kijana mgeni, na alirusha pasi 14 za tachidauni. Msimu uliofuata hakupewa nafasi ya kuendelea. Akaenda Buffalo, akafanywa mpokeaji. Miaka kumi baadaye, 1978, Warren Moon alimaliza chuo na hakuna timu hata moja ya ligi kuu iliyomchagua kama kwotabeki. Akapanda ndege akaenda Canada, akashinda ubingwa mara tano mfululizo na timu ya Edmonton, kisha akarudi Marekani na leo yuko kwenye jumba la magwiji. Kwa hivyo mtu akimwambia kijana mweusi mwenye mbio "wewe jaribu upokeaji", hiyo si ushauri tu wa kiufundi. Hiyo sentensi ina umri wa miaka hamsini.

Na mimi ilinigusa. Shuleni nilikuwa nacheza raga, namba kumi. Kocha mpya akaja, akaniangalia sekunde mbili, akasema mimi ni winga. Hakuwa amewahi kuniona nikipiga pasi hata moja.

Tuendelee. Msimu wa 2018 Ravens walianza vibaya, ushindi mechi 4, kupoteza 5. Kwenye hizo mechi tisa Flacco alirusha pasi 379, karibu 42 kila mechi. Halafu akaumia nyonga. Tarehe 18 Novemba, Lamar akaanza mechi yake ya kwanza, dhidi ya Cincinnati. Unajua alirusha pasi ngapi? 19. Na alikimbia na mpira mara nyingi zaidi ya hizo. Wakashinda 24-21.

Lakini kitu nataka muone ni jamaa aliyekuwa kando yake. Gus Edwards, mkimbiaji ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye uteuzi, alipata yadi 115 siku hiyo hiyo. Kwani alikuwa mkali ghafla? Hapana. Ni hesabu ilikuwa imebadilika.

Hii hesabu mtu yeyote wa raga ya wachezaji saba ataielewa. Mnakumbuka Singapore, Aprili 2016, tukiwafunga Fiji 30-7 kwenye fainali? Raga ya saba yote ni kutafuta ile hali ya wawili kwa mmoja. Mlinzi mmoja, washambuliaji wawili. Akimfuata wa kwanza, mpira unaenda kwa wa pili. Akibaki na wa pili, wa kwanza anapita. Vyovyote atakavyofanya, amekosea.

Sasa na kwotabeki wa kusimama kama Flacco, akishampa mkimbiaji mpira kazi yake imeisha. Anabaki kutazama. Upande wa ulinzi una watu 11, huku wanaofanya kazi kweli ni 10, na mmoja wao ndiye amebeba mpira. Daima kuna mlinzi ambaye hana mtu wa kumzuia.

Na Lamar, mambo yanageuka. Anaweka mpira kwenye tumbo la mkimbiaji lakini hauachilii bado. Macho yake yako kwa mlinzi mmoja wa pembeni, ambaye timu imemwacha makusudi bila kumzuia. Huyo mlinzi akiingia ndani kumkamata mkimbiaji, Lamar anauvuta mpira na kutoka nje akiwa peke yake. Mlinzi akibaki nje kumwogopa Lamar, mpira unabaki kwa Edwards na katikati kuko wazi. Wawili kwa mmoja! Yule mlinzi ameondolewa kwenye mchezo na hakuna mtu amemgusa. Na yule mzuiaji ambaye angemshughulikia sasa yuko huru kumwendea mtu mwingine.

Ndiyo maana nasema mbio za Lamar zilisaidia hata pale hakukimbia. Kuogopwa kwake tu kulikuwa kunafanya kazi ya mtu mzima.

Ravens wakashinda mechi sita kati ya saba alizoanza, wakamaliza 10-6, wakaongoza kundi lao. Halafu tarehe 6 Januari 2019 ukaja mchujo dhidi ya Chargers, nyumbani. Lamar alikuwa anatimiza miaka 22 kesho yake. Chargers, waliokuwa washacheza naye wiki mbili tu nyuma, walitoa walinzi wazito na kujaza uwanja na wale wepesi wa nyuma, watu wa kumkimbiza. Mpango ukakwama kabisa. Kufikia robo ya mwisho ilikuwa 23-3, na mashabiki wa Baltimore wakawa wanazomea na kumwita Flacco. Mwishowe 23-17, nje.

Hebu jiwekeni kwenye viatu vya kocha John Harbaugh usiku huo. Uko na ushahidi wote unaohitaji kusema "tulijaribu". Flacco, mtu aliyekupa kombe, bado yuko. Njia rahisi ilikuwa kurudi kwa yale ya zamani, ama kumwambia kijana ajifunze kusimama nyuma ya wazuiaji kama kwotabeki wa kawaida.

Harbaugh akafanya kinyume. Flacco akauzwa Denver. Usukani wa mashambulizi ukapewa Greg Roman, na hapa ndipo San Francisco inarudi. Ile fainali ya 2013, mtu aliyekuwa anapanga mashambulizi ya San Francisco alikuwa huyo huyo Roman. Katikati ya msimu ule kwotabeki wao Alex Smith aliumia kichwa, akaingia kijana mwenye mbio, Colin Kaepernick, na Roman akapanga mchezo kumfuata. Kwenye mchujo dhidi ya Green Bay, Kaepernick alikimbia yadi 181. Kwa hivyo Harbaugh alikuwa ameona dawa hiyo ikitumika dhidi yake mwenyewe, nusura imnyime kombe. Alimpa kazi mtu ambaye tayari alijua swali si "huyu atatoshea vipi" bali "tumpangie nini".

Wakaandika mpango upya. Wakamleta mkimbiaji mzoefu, Mark Ingram. Wakatumia sana wapokeaji watatu wa ndani, mijibaba inayoweza kuzuia kwanza na kudaka baadaye. Manake kama walinzi wote wamesogea karibu kuogopa mbio, nyuma yao katikati kuna shamba tupu, na hapo ndipo Mark Andrews alidaka pasi 10 za tachidauni msimu huo.

Mechi ya kwanza ya 2019, Miami, Lamar alirusha pasi tano za tachidauni. Ravens 59, Miami 10. Huyo ndiye waliyesema hajui kurusha. Timu ikamaliza 14-2, ikiwa na ushindi 12 mfululizo. Ilikimbia jumla ya yadi 3,296, rekodi ya ligi, ikivunja ile ya New England ya 1978. Lamar mwenyewe alikimbia yadi 1,206, akavunja rekodi ya makwotabeki ya Michael Vick. Na bado ndiye aliyeongoza ligi nzima kwa pasi za tachidauni, 36. Alipotangazwa mchezaji bora wa msimu, kila kura ilikuwa yake. Kabla yake ni Tom Brady pekee aliyewahi kupata hivyo.

Sitawadanganya kwamba iliisha kama filamu. Januari 2020 Tennessee walikuja Baltimore, wakatangulia 14-0, na timu iliyojengwa kwa mbio ikajikuta inalazimika kukimbizana na saa. Lamar alirusha pasi 59 usiku huo. Walipoteza 28-12. Kila mpango una mlango wake wa nyuma, na wapinzani hulipwa mshahara kuutafuta. Hadi mwisho wa msimu wa 2024, Lamar alikuwa hajafika Super Bowl, na wenye kumpinga wanaitumia hiyo kila mwaka.

Lakini angalia kilichofuata. Roman aliondoka, akaja mpangaji mwingine, mchezo ukaelekea zaidi kwenye pasi, na Lamar akawa mchezaji bora wa msimu tena mwaka wa 2023. Mwaka wa 2024 alirusha pasi 41 za tachidauni, na ni nne tu zilizoibwa. Kijana aliyeambiwa hawezi kurusha alijifunza kurusha zaidi, ndiyo, alibadilika. Lakini alibadilika akiwa kwotabeki, kwenye kiti chake, kwa wakati wake, baada ya watu kumpa nafasi akiwa vile alivyokuja.

Hiyo ndiyo tofauti ninayotaka mbebe. Hakuna anayesema mtu asijifunze. Briscoe angejifunza. Moon alijifunza mbali na nyumbani. Shida ni pale unaambiwa utoke kwenye kiti kabla mtu yeyote hajakaa chini kupiga hesabu na kuona kile umeleta. Ravens walikaa, wakapiga hesabu, wakakuta walikuwa na mtu wa ziada uwanjani siku zote na walikuwa wanamwacha amesimama tu.

Kocha wangu wa raga hakupiga hesabu. Mimi bado nadhani nilikuwa namba kumi.