Chuma Mfukoni

Usiku ule wa harusi, nje kidogo ya mji wa Kericho, mjomba wangu alikaa kitini, gitaa limelala magotini, akanyosha mkono wa kushoto pembeni bila kutazama. Mkono ukarudi mtupu. Akaunyosha tena. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma ya spika jasho linanitoka, maana nilijua chuma chake kilipo: ndani ya mfuko wa nyaya. Mfuko wa nyaya ulikuwa ndani ya pikapu, na pikapu ilikuwa imekwenda mjini kuwaleta wazee.

Pengine, msomaji, hujapata kuliona gitaa la aina hii. Halishikwi kifuani. Hulazwa magotini, nyuzi zikitazama mbinguni, nazo zimeinuliwa mno hata huwezi kuzibana kwa vidole. Mkono wa kushoto hutelezesha juu yake kipande cha chuma kizito. Mkono wa kulia huvaa piki, yaani zile kucha bandia: ya plastiki kwenye dole gumba, za chuma kwenye vidole vingine. Huitwa gitaa la stili, na watu hudhani jina linatokana na mwili wake. La hasha! Mwili waweza kuwa mbao tupu. Jina limetoka kwa kile chuma cha mkononi. Basi mimi nilikuwa nimepoteza jina lenyewe.

Mjomba aliomba kisu kwa akina mama wa jikoni. Kisu chepesi, nyuzi zikalia kama mlango usiotiwa mafuta. Mwenye harusi alilipa nusu. Njiani mjomba hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Wiki tatu hakuniita kazini, na tangu nimalize kidato cha nne sina kazi nyingine, ukiacha riwaya yangu, ambayo hailipi hata daftari ninaloiandikia. Ndipo nikaanza kusoma.

Kumbe kisu kile hakikuwa kitu kigeni. Katika visiwa vya Hawaii, miaka ya 1880, kijana aitwaye Joseph Kekuku, mzaliwa wa Laie mwaka 1874, alianza kutelezesha vitu juu ya nyuzi za gitaa lake. Husimuliwa kwamba aliokota parafujo kwenye reli, akaona jinsi inavyouliza uzi. Mimi hadithi ya reli naiamini nusu nusu, inanukia utunzi, na mtunzi humjua mtunzi mwenziwe. Wapo pia wanaomtaja Gabriel Davion kuwa alitangulia. Lakini linaloaminika zaidi ni kwamba Kekuku alijaribu kitana, akajaribu kisu, halafu akiwa mwanafunzi wa shule ya Kamehameha akajitengenezea kipande cha chuma katika karakana ya shule. Kitana na kisu! Vitu vya mfukoni mwa kijana yeyote. Kilichokuwa karibu na mkono ndicho kilichozaa muziki.

Mwaka 1893 malkia wa Hawaii, Liliuokalani, alipinduliwa. Mwaka 1898 Marekani ikavimeza visiwa. Kekuku aliondoka 1904 kwenda kupiga Marekani, baadaye Ulaya, akafa New Jersey mwaka 1932 bila kurudi kuishi kwao. Nchi ilichukuliwa, ila chuma kinatosha kiganjani, nani angekipokonya? Maonyesho makubwa ya San Francisco ya 1915 yaliwatia Wamarekani wazimu wa sauti ile. Hata gitaa la umeme la kwanza kuuzwa kwa mafanikio, lile la Rickenbacker la 1932 lililopewa jina la utani Kikaango, lilikuwa la kulaza magotini.

Na sisi? Mwimbaji Jimmie Rodgers wa Mississippi alirekodi mwaka 1929 pamoja na Mhawaii, Joe Kaipo, kwenye gitaa la stili. Santuri za Rodgers zilifika mpaka kwa Wakipsigis, na mwaka 1950 Hugh Tracey akawarekodi wasichana wa Kapkatet wakimwimba kwa jina la Chemirocha, nusu mtu nusu paa. Sisemi waliisikia santuri ileile ya Kaipo. Lakini Kapkatet si mbali na ile harusi yetu, na mjomba hajioni mgeni kwenye gitaa lake.

Nilikwenda kumwomba radhi, nikampelekea kopo la rangi ya viatu nililolisugua likang'aa, ndani nimetandika kitambaa. Humo zinakaa piki, zisipindwe na uzito wa chuma. Chuma chenyewe nilikishonea mfuko wa flana, kwa sababu kikianguka sakafuni na kupata kovu, kovu hilo hukwaruza uzi kila kinapopita. Tena ni cha mviringo, ukikiweka juu ya spika kinabingirika.

"Na mfuko utakaa wapi?" akaniuliza.

"Kwenye mguu wa kiti chako, mjomba. Upande wa kushoto. Nimeutia kamba."

Akaketi, akafumba macho, akateremsha mkono. Ulipita hewani kwanza. Akaniambia niipandishe kamba kidogo.

"Jumamosi tuna kazi Bomet," akasema. "Usichelewe."